Roboti Hakumjua Kasereka

"Makala imeloa."

Émerance Paluku alibana simu kati ya bega na sikio, akakata kona ya mtaa wa Bel-Air na pikipiki yake, Yamaha, bila kupunguza mwendo.

"Gunia ngapi, chef?"

"Moja. Iko ndani ya nyumba."

Ngosa, mkubwa wake katika Idara ya ujasusi, akakata simu. Makala ikiloa, kuna msaliti. Akiwa ndani ya nyumba, basi wenye nyumba ndio waliomfungulia mlango na kumwandalia kiti.

Émerance akasonya. Wasomi hao wa Njia Wazi!

Land Cruiser nyeupe aliyoifuata tangu asubuhi ilisimama mbele ya ofisi ya Njia Wazi. Akashuka mwanamume wa suti ya bluu, viatu vinang'aa kuliko akili. Alijiita Kasereka Godefroid, jina la Kinande. Akaingia ndani akipiga mluzi.

Mwaka ule Mashariki ya Kongo ilikuwa imeanguka. Miji ilitekwa mmoja baada ya mwingine, na wafanyabiashara wa Kinande walikimbia na walichoweza kubeba. Walizunguka kupitia Zambia, wakavuka mto Luapula pale Kasenga, wakapita Kasomeno, wakaingia Lubumbashi. Malori yao yaliongozwa na Njia Wazi, programu iliyoandikwa hadharani, ruhusa kwa yeyote kuisoma na kuitengeneza. Ilikaa ndani ya kisanduku kidogo kwenye kila lori, ikimwonyesha dereva njia iliyo salama.

Leo lori la mbele liliendeshwa na Ézéchiel, mdogo wake Émerance, tumbo moja. Nyuma yake walikuwa wagonjwa, watoto na dawa za hospitali nzima. Dawa hizo ndizo zilizowatia mate wafanya magendo wa mpakani.

Sylvain, fundi mkuu wa Njia Wazi, alikuwa kwenye kibaraza akibembeleza jenereta iliyogoma; umeme wa mji ulikuwa umekatika.

"Dada Émerance! Bonjour. Unatafuta nani?"

"Ule wa suti. Anafanya nini ndani?"

"Kasereka? Ah, ule iko muntu muzuri sana! Miaka mbili anatusaidia. Ile kipande ya dira njo yake. Leo alitoa toleo jipya."

"Na nani analikagua?"

Sylvain akajikuna shingo. "Roboti."

"Roboti."

"Tulichoka, dada! Programu yetu imejengwa na vipande mia vya watu wengine, kila juma vinabadilika. Courant inakatika. Nani atakaa kuangalia? Njo tukaweka roboti, programu ya kujiendesha. Anachukua toleo jipya, anafanya majaribio, yakipita anatuma kwa malori. Kwa kawaida anangoja siku kadhaa, watu basome kwanza. Lakini mwenye ufunguo anaweza kubonyeza 'haraka'."

"Na Kasereka iko na ufunguo."

"YubiKey. Nilimupa miye mwenyewe, mukono kwa mukono." Alisema hivyo kwa fahari, maskini.

"Na amebonyeza."

"Asubuhi. Courant ikirudi tu, roboti anaanza kazi."

"Hayo majaribio nani aliandika?"

Sylvain akaiacha jenereta. "Yeye."

"Kumbe! Mwizi njo alitengeneza kufuli, na weye ukamushukuru."

Kikulacho ki nguoni mwako, na hawa walikipigia pasi kabla ya kukivaa. Émerance alitamani kumzaba kibao, lakini kibao hakingesimamisha lori.

"Nizime roboti?" Sylvain aliuliza, jasho limemtoka.

"Ukizima, bale banyanganyi benye kungojea Ézéchiel ku barabara batajua. Kesho batarudi na hila ingine. Leo ni malori gani iko njiani?"

"Msafara wa Ézéchiel tu. Ingine yote iko garage, visanduku vimezimwa."

"Nipe kisanduku ya akiba."

Akakichukua, akatembea hadi kwenye Land Cruiser kwa utulivu wa mtu anayekwenda kununua chumvi. Mlango ulikuwa wazi. Watu wa namna hiyo hawafungi milango, wanadhani wezi ni wao peke yao. Akakisukuma chini ya kiti cha nyuma, akaunga waya wa umeme wa gari. Taa ndogo ya kijani ikawaka.

Akatoa simu ya setilaiti, Thuraya.

"Ézéchiel."

"Yaya, dada yangu! Tunatoka Kasenga sasa hivi."

"Rudi. Paki ku mission ya mapadri. Chomoa waya ya kisanduku, lori zote. Hata moja isibakie."

"Kuko nini?"

"Chomoa kwanza. Utauliza kisha."

Akampigia Kapya, kapteni wa polisi wa Kasomeno, maneno matatu tu: "Jificha. Ngoja. Bashike." Kisha akaingia ndani.

Godefroid alikuwa mbele ya kompyuta yake, ThinkPad, akitafuna biskuti. Émerance akamsalimu kwa Kinande, salamu ndefu ya nyumbani, ile ambayo mtoto huimeza pamoja na uji.

"Pardon?" alisema yule. "Ah, mama, nilikomalia Kinshasa tangu mutoto. Luga ilinipotea."

"Haizuru. Lakini kwenu unakumbuka, eh? Bandugu bako banaume, bangapi bako mbele yako?"

Akatabasamu kwa meno yote. "Hakuna! Miye njo mutoto wa kwanza. Mama anajivuna sana."

Émerance akacheka. Alicheka mpaka akashika meza.

Kwa Wanande jina hufuata zamu ya kuzaliwa. Mvulana wa kwanza ni Paluku, kama baba yake Émerance, au Mumbere. Wa pili ni Kambale. Kasereka ni wa tatu. Hata mtoto anayetambaa analijua hilo. Mabwana wakubwa ng'ambo waliomtuma walikuwa wametumia miaka miwili kumpika mtu huyu, hati, picha, historia ya familia, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza mama muuza maharagwe sokoni. Aibu gani hii!

"Kasereka wa kwanza!" alisema, akifuta machozi. "Mama yako alianza kuhesabu ku tatu?"

Tabasamu likafa. Yule bwana akamrushia ThinkPad, akaruka dirisha na suti yake, akaacha kiatu kimoja ndani. Land Cruiser ikanguruma.

Émerance alikuwa amechomoa bastola yake, Beretta. Hakuiinua.

"Piga!" Sylvain alilia. "Anakimbia!"

"Muache. Ataenda Kasenga avuke Luapula. Barabara iko moja."

Taa ya dari ikawaka. Umeme ulikuwa umerudi.

Roboti akaamka, mtiifu kama siku zote. Akachukua toleo la sumu, lile la kuwaonyesha wavamizi kwenye simu zao mahali lori lilipo. Majaribio yakapita yote, kijani tupu. Akatafuta malori ya kulipeleka. Akakuta kisanduku kimoja tu kilicho hai, kikikimbia kuelekea Kasomeno.

Mchana ukasogea. Sylvain alitafuna kucha. Émerance alikula ugali wa bukari na samaki, taratibu, akaomba pilipili.

Redio ya Motorola ikakohoa.

"Kapya hapa. Bangojaji banatoka porini. Banafyatulia Land Cruiser nyeupe."

"Bale habamujui?"

"Bameajiriwa. Banajua ile alama ku simu tu. Anapiga kelele, 'Miye njo chef yenu!' Hakuna mwenye kusikia."

"Iko muzima?"

"Muzima. Iko chini ya gari, kiatu moja. Tumebashika bote."

Émerance akanawa mikono, akampigia Ézéchiel aendelee na safari. Akamgeukia Sylvain.

"Roboti abakie. Kazi yake nzuri. Lakini kuanzia leo bantu mbili basome kabla ya kutuma, na mwenye kipande asiandike majaribio yake. Umesikia?"

"Ndiyo, dada."

Alikuwa anawasha Yamaha jioni Thuraya ilipolia. Nyuma ya sauti ya Ézéchiel watoto walikuwa wakiimba.

"Yaya, tumepita Kasomeno. Tuliona gari, matairi yote imetoboka, na bwana moja wa suti amefungwa kamba. Njo nani ule?"

"Mutoto wa kwanza wa mama yake," Émerance alisema, akavaa kofia ya chuma, akaondoka.