Kadi ya Zaburi

Yaliyomkuta rafiki yangu Lutomia, mwalimu wa Shirere, mpaka leo huyasimulia akiwa ameshikilia kiti. Wakwe zake kule Matungu walimpa heshima ya kusoma Zaburi kwenye mazishi ya mama mkwe. Kwa maringo akaiacha Biblia ya karatasi nyumbani, akabeba ile ya umeme aliyoletewa kutoka ng'ambo: kidude cha kiganjani, unachomeka kadi, maandiko ya Kizungu yanatokea kwenye kioo.

Saa tisa mchana mbingu ikafunga. Giza likajaa chini ya turubai, mvua ikacharaza mabati ya jikoni. Lutomia akasimama mbali na jeneza, maana mkwe hamkaribii mama mkwe hata akiwa marehemu. Akawasha. Kidude kikasema hakuna kadi.

Akaichomoa, akaipuliza, akaisugua kwenye suruali, akairudisha. Hakuna kadi. Akakizaba kidude kofi. Hakuna kadi!

"Shemeji," akanong'ona Jael, mdogo wa mkewe, "kwani Mungu ameishiwa betri? Watu wanangojanga!"

Kwa hasira Lutomia akaing'oa kadi, akaifumbata ngumini, akaanza Zaburi kwa kukumbuka tu. "Bwana ndiye mchungaji wangu..."

Kidude kikalia tii. Kadi ilikuwa bado ngumini, inamchoma kiganja. Kwenye kioo, herufi za Kiswahili zikajiandika moja moja:

SOGEA KARIBU, MKWE. HUMU NDANI SISIKII NA HII MVUA.