Mwenye Chanjo Alibaki Nyumbani

"Hapa njo kwa Alphonse wa reli?"

Victorine aliacha kutwanga. Muuguzi Clovis alisimama uani, karatasi mkononi.

"Njo hapa."

"Pole sana, mama. Muke yake amekufa na ndui kule barrière, kizuizi ya njia ya Pweto. Jina Victorine. Walisha kumuzika."

Ndugu zangu... aliyekuwa anaambiwa ndiye Victorine mwenyewe!

"Na weye njo nani?"

Akisema kweli, ni gereza.

"Miye... miye njo Chomba. Dada ya Alphonse."

Clovis akaandika, akaenda zake.

Victorine alikaa chini palepale. Alijua ni nani aliyelala katika lile kaburi.

Sikilizeni ilivyokuwa.

Ilikuwa miaka ya hamsini, hapa Élisabethville, kama mji ulivyoitwa enzi hizo. Ndui ilipozuka upande wa ziwa Mweru, serikali ilifunga njia. Malori ya samaki wakavu yakakwama. Mwezi haukuisha, soko la Naviundu likabaki na unga, chumvi na majani. Wafanyakazi walitoka kazini jioni wakakuta bukari, yaani ugali, na mboga ya lengalenga. Kesho yake, bukari na lengalenga.

Victorine aliuza samaki. Mizigo yake sita ilikuwa imelala Pweto, kando ya ziwa, kwa jamaa, na mvua zilikaribia. Samaki mkavu akishikwa na unyevu, wadudu humla akabaki miba na vumbi.

Baadaye aliyeruhusiwa kupita kizuizini ni mwenye karatasi ya chanjo tu. Victorine alikuwa nayo, na alama mkononi. Wifi yake Chomba hakuwa nayo. Siku ya chanjo alijificha chooni!

"Unaogopa kukwaruzwa mukono," Victorine alimtania, "na paka anakukwaruza kila siku?"

"Paka haiulizake jina ya baba yangu!"

Hivyo wa kwenda alikuwa Victorine. Lakini aliogopa kupoteza nafasi yake sokoni. Wanawake wawili walikuwa wanaimezea mate.

Akamwekea Chomba karatasi mkononi.

"Karatasi haina sura. Bakikuuliza, sema weye njo Victorine."

"Na ndui, yaya?" Chomba alimwuliza mkubwa wake.

"Ndui ya wapi? Siku kidogo tu, utarudia."

"Nikikufa, utanililia muzuri?" Chomba akacheka.

"Toka hapa! Nani atakufa?"

Chomba alifika Pweto, akapakia mizigo yote sita kwenye lori. Wakati wa kurudi, pale kizuizini, homa ikamwangusha. Vipele vikatoka usoni. Wakamweka kwenye mahema ya wagonjwa.

Kila walipoita "Victorine", aliitika. Hata homa ilipompandisha wazimu, aliitika. Hakumtaja mwenye karatasi mpaka mwisho.

Samaki? Wote walichomwa moto.

Jioni ya siku ile aliyokuja Clovis, Alphonse aliporudi kutoka kazini, mkewe alimweleza.

"Njo weye ulimutuma?"

"Njo miye."

Hakumpiga. Alivua kofia ya reli, akafunika nayo uso.

"Dada yangu amezikwa na jina ya mwingine..."

Majirani waliuelewa mchezo wote. Wakafunga midomo.

Baada ya miezi miwili njia ilifunguliwa. Samaki walirudi sokoni, lakini Victorine hakuweza hata kumshika mmoja. Na katika lori la kwanza alikuja mama mkwe wake, Mama Chileshe, aliyewazaa Alphonse na Chomba. Habari za msiba zilimfikia kijijini. Alikuwa amenyoa kichwa, na njiani alishuka kwenye lile kaburi akalia.

Akaingia uani. Akamwona Victorine amesimama.

Mzigo ukamwanguka.

"Victorine?! Nimetoka kukulilia! Nimenyoa kichwa juu yako!"

"Mama..."

"Basi nani iko mu kaburi?"

Akatazama huku na huku uani.

"Chomba wangu iko wapi?!"

Victorine alipiga magoti. Alisema yote: mizigo, soko, karatasi. "Munipeleke kwa polisi, mama. Niko tayari."

Mama Chileshe alilia mpaka sauti ikakatika. Kisha akaomba mkeka na kikombe cha maji.

Watu waliokusanyika uani wakashtuka. Walijua ni kupyana, desturi yao: aliyekufa huwekewa mrithi wa kubeba jina lake.

Mwenze, mjomba wa Alphonse, aliruka. "Mupyani ni muntu wa damu! Huyu njo alimuua mutoto, halafu unamupa jina yake?"

"Njo sababu," akajibu mama. "Gereza itamulisha miaka mbili, kisha atasahau. Miye nataka asisahau."

Akamkalisha Victorine mkekani.

"Kunywa. Victorine iko mu kaburi. Weye njo Chomba. Nikikuita, itika kama mutoto wangu. Nikizeeka, utanibeba. Nikikufa, utanyoa."

Akanywa.

Victorine alimtunza mama miaka kumi na moja. Usiku mama alipoita "Chomba!" kwa ndoto, hakujua anaitwa yeye au yule mwingine. Aliamka tu, akaitika.

Ndugu msomaji, kama kinga iko mwilini mwako, safari ya hatari ni yako. Usimtume asiye nayo kisha ukalinda meza yako sokoni.

Bibi Victorine alitueleza haya sisi wajukuu wake wiki moja kabla ya kufa. Tulimzika mwezi uliopita. Padri alisoma jina la marehemu: "Chomba."

Tulitazamana. Hakuna aliyemsahihisha.