Beti Ishirini na Moja

Jumamosi asubuhi duka la kutoa kopi lilijaa hadi mlangoni. Binti mmoja wa gauni la kijani, penseli imechomekwa kwenye nywele, alikuwa amekumbatia kitabu kikuukuu kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Akapigwa kiwiko. Kitabu kikaanguka, karatasi zikatawanyika miguuni mwa watu.

Wa kwanza kupiga magoti alikuwa fundi wa kujalidi vitabu, kijana mrefu mwenye aproni iliyoganda gundi, ambaye meza yake ilikuwa kwenye kona ya duka hilohilo. Waliokota pamoja. Kila wimbo ulikuwa na karatasi zake, namba yake juu, na huko juu ndiko panya walikokula.

"Ni nyimbo za nini hizi, dada? Kila nikiokota ni moto, moto."

"Za dini ya Kihindu, za kale sana. Mimi nahesabu beti zake."

"Beti? Umekosa nguo za kufua?"

"Shona kitabu, fundi. Kucheka utacheka nikiondoka."

Hakuondoka upesi. Alimweleza kwamba anasoma takwimu chuoni, na amechagua fungu moja lenye nyimbo arobaini na tatu. Za mungu wa moto alikwisha kuzihesabu: ya kwanza beti kumi na sita, ya pili kumi na tatu, kisha kumi na moja, kisha tisa, zinateremka kama ngazi. Aliamini kila mungu nyimbo zake zimepangwa hivyohivyo. Akionyesha hilo vizuri, atamaliza chuo. Asipoonyesha, atarudia mwaka, na shangazi yake aliyemlea alikwisha sema hawezi kulipia mwaka mwingine.

Fundi alishona kitabu kwa siku tatu. Siku ya kukichukua walikunywa chai, na baada ya hapo simu hazikukatika. Fundi alimwita Bibi Hesabu, naye binti akamwita Gundi, kwa jinsi alivyoganda. Miezi miwili binti alihesabu, akipiga vijiti daftarini, na kila jioni alimpigia kumwambia kwamba ngazi haijavunjika hata mahali pamoja. Fundi alifurahi kuliko yeye.

Mkufunzi wake chuoni hakufurahi. Alimrudishia daftari mbele ya wenzake, akasema watu wa kale hawakuwa mashine, na hesabu isiyo na doa hata moja imepikwa. Akampa wiki mbili.

Binti alikwenda dukani moja kwa moja, macho mekundu. Alipomsimulia, fundi aliacha kupaka gundi.

"Karatasi zilikuwa zimechanganyika, mpenzi. Sikujua upi unatangulia. Wewe ulisema zinateremka, nami nikazipanga ziteremke."

"Umenipangia jibu?"

"Nilitaka ufaulu."

"Miezi miwili nimehesabu kazi ya mikono yako. Wameniita mpishi wa hesabu mbele ya watu, kumbe jiko ni lako." Alikitupa kitabu mezani. "Kirudishe kilivyokuwa. Ukishindwa, usinipigie."

Kukirudisha vipi, na namba zimeliwa? Fundi alifumua nyuzi zote, akatandaza karatasi, akazitazama. Alipiga simu ingawa alikatazwa. Siku ya tano aliipokea shangazi, mwanamke asiyejua kuzungusha maneno.

"Amesema nikwambie hayupo, baba. Tumekaa naye hapa hapa, amenuna. Una la maana?"

Fundi alikata simu, akarudi kwenye karatasi zake. Binti naye alikaa na daftari asiloweza kuliendeleza wala kulichana, siku zikiisha.

Siku ya tisa fundi alibandua jalada la nyuma na kukuta karatasi tatu zilizogandana kwa unyevu, ambazo mara ya kwanza alizibandika jaladani kama jani moja bila kuzitazama. Aliziweka juu ya mvuke wa birika, akazitenganisha kwa kisu butu, taratibu. Ilikuwa orodha ya nyimbo zote kwa mistari yake ya kwanza, na namba zake. Alipanga upya, safari hii bila kufuata akili yake, akakipeleka kitabu mwenyewe hadi mlangoni.

Binti hakumkaribisha, ila hakufunga mlango pia. Walihesabu siku nne, fundi akisoma, binti akipiga vijiti, bila neno la utani. Ngazi ilishuka, lakini sasa ilikuwa na mikwaruzo hapa na pale. Karibu na mwisho, baada ya wimbo wa beti sita, ukaja wa beti ishirini na moja. Penseli ilisimama.

"Nimeharibu tena?" fundi aliuliza.

"Huu ulikuwa wapi ulipopanga wewe?"

"Mbele, pamoja na ile mirefu. Niliona kwingine ungekaa vibaya."

"Huo ndio ninaouhitaji. Huenda ulipachikwa baadaye na watu wengine, ndiyo maana haufuati safu. Kitu kimoja cha kunipa la kusema, nawe ukanifichia kwa wema wako."

Fundi alifungua karatasi iliyofuata, akaendelea kusoma.

Mkufunzi aliisoma kazi amesimama, kisha akavuta kiti. Alipofika kwenye beti ishirini na moja aliuliza maswali mawili, akajibiwa, akatia sahihi. Binti alipiga simu akiwa bado kwenye ngazi za chuo.

"Imepita, Gundi."

Fundi aliuliza kama anaweza kuja kwa shangazi na wazee wake kuposa.

"Njoo nao. Ila jambo letu likikaa vibaya, usilihamishe. Liache hapo nilione."

"Hata kama mkosaji ni mimi?"

"Hasa ukiwa wewe."