Sentensi ya Wided

"Wewe ndiye Wided? Naitwa Gillian. Mimi ndiye ninayekusahihishia daftari lako."

Dada yangu aliweka simu kwenye spika, akaniangalia. Tulikuwa jikoni kwetu, Sfax, mikono imejaa unga wa kuskusi. Mtihani wake wa Kiingereza ulikuwa Alhamisi. Akifaulu, angepata viza ya kumfuata mumewe Uingereza, baada ya miaka miwili ya ndoa ya kwenye simu.

Kila wiki mumewe, Hatem, alitaka atumiwe picha za daftari. Masahihisho yalirudi kwa wino mwekundu, mwandiko safi. Nilimwambia Wided kwamba shemeji hajawahi kuwa na mwandiko ule. Akanicheka, eti ndio wivu wa wasioposwa.

Wiki ile darasani walifundishwa kitenzi cha maneno matatu, "look forward to", yaani kungojea jambo kwa furaha, moyo umeshatangulia. Mwalimu alitaka kila mmoja akitumie katika sentensi ya kweli kuhusu maisha yake, na juu ya karatasi aandike jina na namba ya simu.

"Sentensi yako ni nzuri, wifi," Gillian alisema polepole. "Ila umeandika unangojea kwa furaha kuishi na mume wako, Hatem. Ulitaka kuandika kaka yako, sivyo?"

Wided alijifuta unga, kidole kimoja kimoja.

"Kaka yangu anaitwa Mondher, yuko hapa Sfax. Hatem ni mume wangu."

Kwenye simu, nyuma ya Gillian, mtoto mchanga akaanza kulia.

"Huyo ni wa Hatem?" Wided akauliza.

"Ndiyo. Ana miezi minne."

"Anaitwa nani?"

"Wided," Gillian akasema, na sasa alikuwa analia. "Aliniomba tumpe jina la dada yake."

Kabla ya magharibi Hatem alituma ujumbe: "Mke wangu, usimsikilize huyo. Fanya mtihani, uje, tutayazungumza."

Dada akamjibu: "Mtihani nitafanya. Kuja, siji."

Alhamisi alikwenda, amevaa vizuri. Jioni nilimuuliza alisema nini huko ndani. Akanijibu kwamba alitakiwa kutaja jambo analolingojea kwa furaha, akasema hana.

Bahasha ya matokeo ilipofika aliiweka ndani ya daftari. Niliifungua mimi mwaka jana, tulipogawa nguo zake baada ya arobaini.

Alikuwa amefaulu.