Kisima cha Nyumba ya Majengo

Kila siku baada ya shule, Intisar alipitia soko la Marikiti kumsaidia babake kufunga kibanda. Babake, Abdulhadi, alikuwa akiuza viungo: iliki, mdalasini, bizari na pilipili manga. Intisar, aliyekuwa darasa la sita, alifunga midomo ya magunia huku babake akifagia. Kisha walitembea pamoja hadi Kuze, katika Mji wa Kale, ambako walikuwa wamepanga vyumba viwili vya ghorofani.

Njiani Abdulhadi alipenda kuzungumzia jambo moja tu, nalo lilikuwa nyumba. Alitaka kununua nyumba ya kupangisha, ili kodi yake imsomeshe Intisar na imtunze yeye siku ambayo mgongo wake hautaweza tena kubeba magunia. Yeye na mkewe walikuwa wakiweka akiba tangu Intisar hajaanza kutembea. Mkewe alikuwa ameuza hata bangili zake za dhahabu, zile alizovikwa na mamake siku ya harusi, na hakuwahi kuzitaja tena.

Lakini kununua nyumba kisiwani Mombasa hakukuwa kazi rahisi. Kisiwa hakiongezeki, na kila mwenye akiba alitaka apate kipande chake. Walitazama nyumba moja Ganjoni, na kabla hawajarudi na jibu, mfanyabiashara mmoja alikwisha kuilipia. Walikubaliana na mwenye nyumba wa Kibokoni, lakini walipokwenda na mashahidi wakaambiwa imeuzwa kwa mtu aliyeongeza bei kidogo. Kila mara Abdulhadi alirudi nyumbani, akala matonge mawili matatu, akaenda kulala.

Mwaka wa 1997, kabla ya mvua za vuli, dalali mmoja aitwaye Chengo alikuja kibandani na habari. Kulikuwa na nyumba ya Kiswahili inauzwa Majengo, yenye vyumba pande zote mbili za ukumbi, ua nyuma, na kisima ndani ya ua. Ardhi ilikuwa ya mtu mwingine, kama ilivyo kwa nyumba nyingi za Mombasa, na mwenye nyumba angelipa ada ya ardhi kila mwezi. Bei yake Abdulhadi aliimudu. Chengo akaongeza kwamba kulikuwa na mnunuzi mwingine anakuja kesho asubuhi, pesa mkononi.

Walikwenda kuitazama jioni hiyohiyo, Abdulhadi, mkewe na Intisar. Vyumba vilikuwa vizuri, lakini ua ulikuwa umejaa mbao na mabati makuukuu, hata hapakuwa na njia ya kupita. Mama yake Intisar alimsihi mumewe asubiri vitu hivyo viondolewe, waone vilivyo nyuma yake. Abdulhadi alimjibu kwamba kila nyumba aliyoisubiri ilichukuliwa na mwingine. Asubuhi yake mkataba uliandikwa mbele ya mzee wa mtaa na mashahidi, na Abdulhadi akakabidhiwa ufunguo.

Jumamosi iliyofuata alikwenda na Intisar kuisafisha nyumba. Yeye alibaki ndani kupaka chokaa, Intisar akaenda kufagia ua. Mbao zilikuwa zimeondolewa, ila bati moja liliachwa limelala chini pembeni. Intisar alipolivuta ili afagie, aliona mfuniko wa zege wa shimo la choo. Mfuniko ulikuwa umepasuka, na maji meusi yalikuwa yakivuja kutoka ubavuni kuelekea kisimani. Kutoka shimoni hadi kisimani zilikuwa hatua chache tu.

Mama mmoja jirani, aliyekuwa akianika nguo ng'ambo ya ukuta mfupi, alimwona akiwa ameinama. Intisar alimwamkia shikamoo, naye akaitikia na kumwambia kuwa yeye ni Mama Thoya.

"Mwambie babako, mwanangu," alisema. "Shimo hilo limepasuka siku nyingi. Waliokuwa wakikaa hapo walifulia tu maji ya hicho kisima. Mvua ikinyesha hubadilika, hata harufu. Msiwape watu wakanywa."

Shuleni Intisar alikuwa amefundishwa kwamba kisima huchimbwa mbali na choo. Akaingia ndani haraka amweleze babake. Alimkuta mlangoni, mikono imejaa chokaa, anafunga mlango kwa ufunguo kisha anaufungua tena, bila sababu yoyote.

"Intisar," alisema, "umri wote huu sijawahi kufungua mlango ulio wangu."

Intisar hakutaka kuiharibu furaha hiyo. Akajiambia kwamba atamwambia kesho. Alirudi uani, akalirudisha bati mahali pake. Kesho ikaja, na keshokutwa, na kila siku iliyopita ilifanya maneno yale yawe mazito zaidi.

Haukupita muda, Chengo akaleta wapangaji. Miongoni mwao alikuwamo Jared, fundi wa mitambo kwenye kivuko cha Feri, pamoja na mkewe Purity na mtoto wao Cynthia, aliyekuwa ndio kwanza anajifunza kusimama. Wakati Jared akizungumza na Abdulhadi habari za kodi, Purity alikwenda uani akachungulia kisimani. Kisha akamgeukia Intisar na kumwuliza kama maji yale yanafaa kunywewa.

Intisar alipiga hesabu. Akisema hayafai, watu hawa wataondoka, na wengine nao wataondoka. Nyumba itakaa tupu, na bangili za mamake zitakuwa zimepotea bure.

"Ni mazuri," alisema. "Yananyweka."

Purity alifurahi, akasema basi hatalazimika kununua maji ya mkokoteni.

Vuli ya mwaka huo ilinyesha kama haitakoma. Vichochoro vya Majengo vilijaa maji. Shuleni mwalimu aliwaeleza wanafunzi kwamba kipindupindu kilikuwa kimeingia katika mitaa kadhaa, akawasisitizia wachemshe maji ya kunywa na wanawe mikono. Intisar akakikumbuka kisima. Alitaka kukimbilia Majengo, lakini hakujua angeanzaje kusema.

Alasiri moja alifika Marikiti akamkuta babake anafunga kibanda mapema. Jared alikuwa amepita kumwambia kwamba Cynthia alikuwa akihara na kutapika tangu alfajiri, na amelazwa hospitali. Watu wengine wawili wa nyumba ile nao walikuwa wakiumwa na tumbo. Abdulhadi alisema wataenda kumjulia hali mtoto, akamwambia Intisar ashike mfuko wa matunda ya kumpelekea. Intisar hakuushika.

"Baba, ni maji ya kisima," alisema. "Nilijua."

Akamweleza yote: bati, mfuniko uliopasuka, maneno ya Mama Thoya, na jibu alilompa Purity. Abdulhadi alimwuliza swali moja tu, kwamba alijua tangu lini. Intisar akasema tangu siku ile ya chokaa. Babake akaketi juu ya gunia la bizari, akainamisha kichwa. Hakumpiga wala hakupaza sauti, na Intisar aliona afadhali angefanya hivyo.

Walikwenda Majengo kwanza. Abdulhadi aliziba kisima kwa mbao na misumari, akagonga mlango mmoja baada ya mwingine, akamweleza kila mpangaji kwa kinywa chake mwenyewe kwamba maji yale yana uchafu wa choo. Waliokuwa wagonjwa akawapeleka hospitali. Alisimamisha mkokoteni wa maji akanunua mitungi yote kwa ajili ya nyumba nzima. Walipokuwa wakielekea kwa Cynthia, alimwambia Intisar kwamba yeye atasema la kwake, lakini la Intisar atalisema Intisar mwenyewe.

Cynthia alikuwa amelala kitandani, macho yameingia ndani, mkononi ametundikiwa maji ya dawa. Purity alikuwa ameketi kando yake na Jared amesimama dirishani. Abdulhadi aliwaeleza kwamba alinunua nyumba bila kuukagua ua, akawaomba radhi. Kisha akampisha Intisar.

"Mama Cynthia," Intisar alisema, "uliniuliza kuhusu maji. Nilijua si mazuri. Nilikudanganya."

Purity alimpangusa mtoto midomo kwa kitambaa.

"Nilikuuliza wewe kwa makusudi," alisema. "Dalali anatafuta chake, na mwenye nyumba anatafuta chake. Nikaona mtoto hana anachouza, ataniambia kweli."

Intisar alilia bila sauti. Hakuna aliyembembeleza, naye hakutarajia kubembelezwa.

Cynthia alipona. Baada ya siku kadhaa alianza kunywa uji, na madaktari wakamruhusu kwenda nyumbani. Lakini Jared hakuirudisha familia yake Majengo. Aliihamishia Likoni, na hakuna aliyeweza kumlaumu. Abdulhadi aliwarudishia kodi yao na kulipia dawa. Wapangaji wengine nao walipona, wakahama mmoja mmoja, hadi nyumba ikabaki tupu. Lile ambalo Intisar aliliogopa, akalisemea uongo, lilitokea vilevile, na lilikuja pamoja na aibu.

Bwana afya alikuja akakagua. Aliagiza kisima kifukiwe na shimo jipya lichimbwe upande wa pili wa ua, kisha maji ya mfereji yaingizwe. Mwenye ardhi alikubali. Kazi yenyewe ilichukua miezi, kwa kuwa akiba ilikuwa imekwisha. Abdulhadi alifungua kibanda mapema zaidi na kufunga usiku, na mkewe akaanza kukaanga viazi vya karai akiuza barazani. Jumamosi Intisar alikwenda Majengo kubeba mchanga na kokoto pamoja na mafundi. Hakuna aliyemtuma. Alirudi jioni mabega yakimwuma, akafanya kazi zake za shule.

Kazi ilipokwisha, Chengo alimshauri Abdulhadi asizungumzie yaliyopita. Watu wanaotafuta vyumba ni wengi, alisema, na asiyejua hataogopa. Abdulhadi alikataa. Akaamua kwamba kila atakayekuja ataambiwa yaliyotokea na yaliyorekebishwa, na kwamba Intisar ndiye atakayewatembeza uani.

Mtu wa kwanza alisikiliza hadithi yote, akashukuru na kwenda zake. Wa pili pia. Wa tatu alikuwa mama aliyeitwa Awiti, mpishi katika mkahawa mmoja mjini. Alimsikiliza Intisar, akaenda kukanyaga mahali kilipokuwa kisima, akafungua mfereji akayatazama maji, akauinamia mfuniko mpya wa shimo. Kisha akauliza anaweza kuhamia lini. Kabla ya masika kwisha, vyumba vyote vilikuwa na watu.

Mwaka uliofuata, Abdulhadi alikuwa ameanza kuweka akiba tena. Chengo akampeleka kutazama nyumba nyingine, huko Tudor, naye akamchukua Intisar. Wanunuzi wawili walikuwa wamekwisha kusimama mlangoni. Chengo alimnong'oneza kwamba lazima aamue leo. Abdulhadi aliomba afunguliwe mlango wa uani. Mwenye nyumba akasema ufunguo umepotea, lakini huko nyuma hakuna tatizo lolote. Abdulhadi akamshukuru, akamuaga. Walipogeuka barabarani, walimwona mmoja wa wale wanunuzi akipeana mkono na mwenye nyumba.

Intisar alimwuliza babake kama haikumwuma kupitwa tena.

"Inauma," Abdulhadi alisema. "Lakini nimeujua uchungu mwingine ulio mkubwa kuliko huu. Mimi nilinunua kwa pupa kwa kuogopa kupitwa. Wewe ulisema uongo kwa kuogopa tusije tukapata hasara. Hofu zetu zilikuwa ndugu, na aliyelipa ni mtoto asiyejua hata kusema neno maji." Akatembea kidogo kabla ya kuendelea. "Mtu akipanga kwako, amekukabidhi usingizi wake na watoto wake. Hiyo ni amana, mwanangu. Nyumba ikinipita leo, kesho nitatafuta nyingine. Lakini roho ya mtu ikipotea kwa sababu tuliuficha ukweli, hatutaipata sokoni wala kwa dalali yeyote. Kwa hivyo ukijua jambo, liseme siku hiyohiyo, hata kama litatufilisi."

Intisar aliitikia, na wote wawili wakashika njia ya kurudi Kuze.