Mlinzi wa Sufuria

Kazi ya kupiga pasi huishia miguuni. Watu hudhani mikono ndiyo inayochoka. Lakini simama kutwa nzima mbele ya meza, uone jioni ni kiungo gani kitakachokulilia.

Mama mmoja alifanya kazi hiyo katika duka la dobi. Mtaani walimwita hivyo hivyo, Mpiga Pasi. Alitoka kazini jua likianza kushuka, akapitia sokoni kununua kilichobaki, kisha akapanda ngazi za nyumba yao huku ameshika ukuta.

Walikuwa na vyumba viwili na jiko jembamba. Watu wawili wakipishana humo, lazima mabega yasalimiane. Mumewe alikuwa fundi wa makochi, naye wakamwita Fundi. Walikuwa na binti mmoja, mwanafunzi wa darasa la sita. Mama yake Fundi aliishi nao pia, na wote nyumbani walimwita Bibi. Bibi alikuwa na kisukari. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, lakini ulimi wake ulikuwa bado wembe mpya.

Jiko lao la gesi lilikuwa na sehemu moja tu ya kuwekea sufuria. Hapo ndipo shida ilipoanzia. Kwanza ulipikwa wali. Wali ukiiva, unashushwa na kufunikwa kwa kitambaa. Inabandikwa nyama. Nyama ikiiva, zinabandikwa mboga. Mboga zikiiva, wali umeshapoa, nao unarudishwa motoni. Mpaka sahani zifike mezani, Binti amelala juu ya daftari lake, na Fundi amekunywa chai mara mbili ili kuihadaa njaa.

Bibi hakungoja sahani. Giza likiingia tu, alimeza kidonge chake cha kisukari. "Nikingoja nitasahau," alisema. "Dawa kwanza, chakula kitanikuta."

Jioni moja chakula hakikumkuta. Mpiga Pasi alikuwa anachambua mboga aliposikia kikombe kikigongagonga kisahani chake. Aligeuka. Bibi alikuwa amekishika kikombe, na mikono yake ilikuwa inatetemeka. Uso umelowa jasho, na chumba hakikuwa na joto.

"Mama, una nini?"

"Sijui. Naona kama sakafu inatembea."

Mpiga Pasi alimwita jirani wa mlango wa pili. Jirani huyo alikuwa mpishi katika jiko la hospitali. Walimpa jina la Mama Kiasi, kwa sababu kila ukimuuliza jambo la chakula, jibu lake lilikuwa, "Kwa kiasi, jirani, kwa kiasi." Alikuja na kanga yake mabegani, akapiga magoti mbele ya kiti.

"Bibi, unanisikia?"

"Nakusikia. Mimi si kiziwi."

"Unaweza kumeza?"

"Nimeanza kumeza kabla hujazaliwa."

"Haya, nileteeni sukari ndani ya maji. Upesi."

Bibi alikunywa. Wakamkalisha, wakamsubiri. Baada ya muda kikombe kilitulia mkononi mwake. Fundi, aliyekuwa amesimama mlangoni na mkasi wake wa vitambaa, ndipo alipokumbuka kuuweka chini.

"Sasa mnieleze," Mama Kiasi aliuliza. "Amekula saa ngapi?"

Walitazamana.

"Na dawa amemeza?"

"Amemeza zamani," alisema Mpiga Pasi.

"Basi ndiyo hiyo. Dawa kazi yake ni kushusha sukari ya mwilini. Chakula kisipofika, bado itashusha tu. Inashusha, inashusha, mpaka mtu anatetemeka. Leo ameweza kumeza, tushukuru. Angekuwa amezimia, msingemtia kitu mdomoni. Ni kumbeba mbio mpaka hospitali. Na kesho mwendeni kliniki, mkaulize dawa yake inataka kumezwa vipi."

Kesho yake Fundi alimpeleka mama yake kliniki. Muuguzi alisema vile vile: kidonge hiki kimezwe pamoja na chakula, na chakula cha jioni kiwahi. Kauli hiyo Mpiga Pasi aliibeba moyoni kama jiwe. Kuwahi? Angewahi vipi, na jiko moja, na sufuria tatu zinazopanga foleni?

Alitaka kunyamaza. Aliona aibu kusema kwamba nyumba yake haiwezi kupika mapema. Lakini mficha uchi hazai. Jioni alimsimamisha Mama Kiasi kwenye ngazi, akamweleza.

"Foleni ya sufuria ya nini?" alisema Mama Kiasi. "Vyote vitie kwenye moja. Una nyama gani?"

"Sijanunua."

"Nenda kanunue ya kusaga. Nyama ya vipande utaisubiri wewe. Ya kusaga haikusubirishi."

Walipika pamoja. Mama Kiasi alikaa kwenye kigoda, akawa anaelekeza kwa kidole.

"Kaanga kitunguu kwa mafuta kidogo. Kikilegea, tia tangawizi. Sasa nyama. Ivunjevunje kwa mwiko, usiache mabonge. Mabonge hudanganya, nje yameiva, ndani mekundu."

"Naona imeshabadilika rangi."

"Bado. Ngoja maji yake yakauke. Unaona? Sasa nyanya. Zikishapondeka, tia karoti na njegere, na kabichi uikate nyembamba. Mboga zijae. Sahani ya Bibi nusu yake iwe mboga, wali kwa kiasi."

"Nilijua litakuja tu hilo neno," alisema Bibi kutoka chumbani.

Mama Kiasi alicheka, akaendelea. Mchele uliooshwa uliingia sufuriani, ukachanganywa mara moja tu. Kisha chumvi. Kisha maji ya moto, yapite mchele kwa pingili moja ya kidole. Yalipochemka kwa nguvu, Mpiga Pasi alipunguza moto, akafunika.

"Sasa?" Mpiga Pasi aliuliza, mwiko mkononi.

"Sasa kaa chini. Hiyo miguu yako imesimama tangu asubuhi."

Mpiga Pasi alikaa. Hakukumbuka lini aliwahi kukaa chakula kikiwa jikoni. Sufuria ilipofunuliwa, wali ulikuwa umechambuka, kila punje peke yake, nyama na mboga zimejipenyeza katikati. Bibi alimeza kidonge chake na tonge la kwanza. Kilichobaki, Mama Kiasi aliwaonya wasikilaze juu ya jiko. "Chakula chenye nyama hakilali kwenye joto. Na wali ni hivyo hivyo. Kama hamna friji, pikeni cha kutosha, kiishe."

Ingekuwa hadithi imeishia hapo, ingekuwa fupi na tamu. Lakini siku iliyofuata Mpiga Pasi alipika peke yake, wali ukatoka na mambo mawili: juu mbichi, chini uji. Alirudishia moto. Wakachelewa kula. Siku ya tatu, hivyo hivyo, na chumvi imezidi. Bibi alingoja na kidonge kiganjani, jasho jembamba likianza kumtoka kwa njaa, mpaka akapewa chai ya sukari na kipande cha mkate.

Baada ya chai ile, Bibi alimwita mwanawe.

"Mpigie simu kaka yako. Mwambie nitahamia kwake. Kule wana msichana wa kazi, chakula kinawahi."

"Mama, jamani."

"Sina ugomvi na mtu. Mke wako anachoka. Mimi ni mzigo juu ya mzigo."

Mpiga Pasi alisikia, maana katika nyumba ile hakuna ukuta usiosikia. Aliwaza jinsi Bibi alivyomkanda mgongo kwa maji ya moto alipojifungua Binti, kutwa mara mbili, bila kuguna. Huyu alikuwa mama mkwe kwa jina tu. Akiondoka kwa sababu ya wali mbichi, yeye atamtazama nani usoni?

Kaka mkubwa alijibu kwamba anatafuta gari, atawajulisha.

Jioni iliyofuata Mpiga Pasi alipika kama alivyofundishwa, akafunika. Alitoka kwenda kibarazani kuanika nguo. Dirisha la jikoni lilikuwa wazi, na kupitia pembeni mwa shuka aliyoianika aliona mambo.

Kwanza alikuja Bibi, akipapasa ukuta. Alifunua, akainama kunusa, akakoroga, akamimina maji kidogo, akafunika. Punde akaingia Binti. Akafunua, akaonja, akatia chumvi, akafunika. Mwisho akaja Fundi kutoka kazini. Hata viatu hakuvua. Alifunua, akakoroga mpaka chini kabisa kama mtu anayetafuta pete, akachota kijiko, akaungua ulimi, akaongeza moto.

Mpiga Pasi alibaki na kibanio mdomoni. Akataka kucheka, akataka kulia. Siku ile ya kwanza hakuna aliyegusa sufuria kwa sababu alikuwepo mgeni, na watu wana adabu zao mbele ya mgeni.

Alimfuata Mama Kiasi, akamsimulia.

"Wewe mvuke unaujua kuliko mimi," alisema Mama Kiasi. "Shati likilowa, ukilaza pasi, nini kinaondoa makunyanzi?"

"Mvuke."

"Na ukiinua pasi kila mara?"

"Mvuke unaenda zake. Makunyanzi yanabaki."

"Basi. Mchele wa juu haufikiwi na maji, unaivishwa na mvuke. Mkifunua, mnamfukuza mpishi. Mkikoroga, mnauvunja, unakuwa uji. Na kila mmoja akiongeza chake, mnapika sufuria tatu ndani ya moja."

"Fundi na Binti nitawaambia. Lakini mama mkwe? Nimwambie usiguse sufuria, naye ana safari ya kuhama? Ataona namfungulia mlango."

Mama Kiasi alikuna kichwa. "Hilo, jirani, mimi siwezi kukupikia."

Kutwa nzima ya siku iliyofuata Mpiga Pasi alinyoosha mashati ya watu huku akilipindua jambo lile. Jioni hakuenda moja kwa moja jikoni. Alivuta kigoda, akakaa karibu na miguu ya Bibi.

"Mama, nataka kukuuliza, usikasirike. Unapofunua sufuria, huwa unatafuta nini?"

Bibi aligeuza uso kuelekea jikoni.

"Macho haya yakiangalia mle ndani yanaona giza tu. Nafunua ninuse, nijue kama nitakula mapema au nitatetemeka. Na nikikoroga kidogo..." Alikunja ncha ya kanga yake. "Nikikoroga kidogo naona bado nina nyumba."

Mpiga Pasi alisogeza kigoda karibu zaidi.

"Wali unaivishwa na mvuke, mama. Ukifunuliwa hauivi. Hata mimi nilikuwa sijui. Mimi nikifunika sufuria nina nguo za kuanika, nina vyombo. Siwezi kuilinda. Fundi anaingia na viatu vyake, anakoroga kama anachanganya saruji. Nahitaji mtu wa kukaa pale."

"Mimi kipofu nilinde sufuria? Kama mlinzi wa benki?"

"Macho siyahitaji. Nayahitaji masikio yako."

"Masikio yapo. Nawasikia hata mnaponong'ona."

"Najua, mama."

Bibi alicheka kwa mara ya kwanza wiki ile.

Walifanya hivyo. Binti akitoka shule alimenya vitunguu na kukata karoti, ili mama yake akifika awashe jiko tu. Nyama ikakaangwa, mboga zikaingia, mchele ukaingia, chumvi ikapimwa kwa mkono mmoja. Maji yalipochemka, mfuniko ukafungwa, na kiti cha Bibi kikawekwa kando ya jiko, mbali kidogo na moto. Bibi aliinamisha kichwa.

"Inatokota kwa fujo," alisema.

"Ndiyo, mama. Napunguza moto."

"Sasa inanong'ona."

"Iache inong'one."

Fundi aliingia. Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye mfuniko, kama ulivyozoea. Bibi akaupiga kwa mwiko.

"Aa! Mama, naangalia tu."

"Kaangalie viatu vyako, umeingia navyo."

Binti aliziba mdomo asicheke. Ule mnong'ono ukapungua, ukawa mtatariko mdogo kama wa majani makavu, kisha ukawa kimya.

"Imenyamaza," alisema Bibi. "Zima. Lakini msifunue. Acheni ipumzike, na yenyewe imefanya kazi."

Walipofunua, wali ulikuwa umeiva juu na chini. Nje bado kulikuwa na mwanga. Bibi alipewa sahani yake, nusu mboga, na kidonge chake kando. Alikula polepole. Alimeza. Mikono yake ilikuwa imetulia.

Ikawa hivyo jioni baada ya jioni. Siku za kazi, sufuria ni moja, na mlinzi wake ni mmoja. Kliniki walipopima sukari yake wakaiona imetulia, muuguzi aliuliza wamefanya nini nyumbani. Bibi akajibu kwamba ameajiriwa.

Jioni moja simu ililia chakula kikiwa motoni. Alikuwa kaka mkubwa. Fundi alimwekea mama yake simu sikioni, na Mpiga Pasi, aliyekuwa anafuta sahani, akaacha kufuta.

"Mama, gari nimepata," sauti ilisikika. "Nije kukuchukua lini?"

"Gari la nini?"

"Si ulisema unahamia kwangu?"

"Nani akae na sufuria hapa? Fundi?" Bibi alisogeza simu mbali kidogo na sikio, akainamia jiko. "Ngoja kwanza, mwanangu, usiongee. Inataka kunyamaza."