Usizime

SAA TATU ASUBUHI, IJUMAA

Bashiru alipanga korosho ghafi nne juu ya mkeka. Chumba cha nyuma cha banda la video, pale Rasbura, kilinuka jasho na bisi za jana.

"Hili duka la sonara. Huu msikiti. Hii Hiace, kichochoroni." Akaisukuma korosho ya nne kwa ncha ya kisu. "Huyu mlinzi. Optatus. Mkatoliki. Saa ya swala mtaa mzima uko msikitini, yeye anabaki peke yake na panga lake na redio."

Hussen alicheka. Alikuwa pande la mtu, na kila alichoambiwa na Bashiru alikifanya. Dadi hakucheka. Alimtupia jicho mdogo wake, Mwanaima, aliyekaa karibu na mlango, mtandio umeshuka mpaka kwenye nyusi.

Mwanaima ndiye dereva. Kwenye kizuizi cha barabarani askari haangalii mara mbili gari linaloendeshwa na binti mpole, nyuma matenga ya muhogo. Marehemu baba yao alikuwa na kibanda cha kuchaji betri, na huko ndiko alikojifunza magari. Mama yuko kijijini, Mitole. Wiki iliyopita, walipoaga, mama alimshika Mwanaima mkono, si Dadi. "Umeondoka naye, urudi naye."

"Kuna mwenye swali?" Bashiru aliuliza.

"Betri," Mwanaima alisema.

"Sauti, mama. Hatuli watu hapa."

"Betri ya gari. Tuibadilishe kwanza."

"Kwani haiwaki?"

"Inawaka. Ila selfu inavuta kwa taabu, kama mgonjwa anayeinuka kitandani. Nimeichaji jana kutwa, leo asubuhi imelala tena. Nikisimama taa zinafifia, nikikanyaga mafuta zinarudi. Kwenye vichwa kuna unga wa kijani. Nimeukwangua, umerudi. Na tumbo limevimba. Betri ikivimba tumbo, kaka Bashiru, haichajiwi tena. Inatupwa."

Hussen akapiga makofi. "Daktari huyo!"

"Jioni gari lenyewe tunalichoma porini," Bashiru alisema. "Betri mpya ya nini? Nani anamnunulia maiti viatu? Halafu leo uonekane dukani unanunua betri, kesho njagu waulize nani kanunua. Umeshaliwasha?"

"Nimeliwasha."

"Basi usizime. Kwisha habari."

Akazoa korosho zake. Alipofika mlangoni akageuka. "Jingine. Nikisema ondoa, unaondoa. Asiyepanda ni wa Mungu."

"Hata Dadi?"

"Hata mimi."

Hussen alitazama vidole vyake vya miguu. Mwanaima akaona.

Baadaye alikuwa uani anakwangua ule unga kwa kisu kibutu, injini inaunguruma. Ukuta wa bati hauna siri. Alimsikia Bashiru akimwambia Hussen, "Dadi ndiye anatangulia ndani. Lile panga limkute yeye. Wewe beba mzigo utoke."

Alimfuata kaka yake bombani. "Dadi, turudi nyumbani."

"Turudi vipi? Mitole wanapajua. Mlango wa mama wanaujua." Alijimwagia maji usoni. "Shika usukani, Mwana. Mengine niachie."

Marehemu baba alizoea kusema betri ina adabu. Inakuonya mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Siku inaponyamaza, usiilaumu.

SAA SITA NA NUSU

Adhana ilipita juu ya mapaa. Mwanaima aliisikia ndani ya mbavu zake. Maisha yake yote hakuwahi kuisikia Ijumaa akiwa amekaa kuvizia mali ya mtu.

Kichochoro kilikuwa tambarare, mchanga mwepesi, bila mteremko wowote. Aliisimamisha Hiace nyuma ya duka, injini inaunguruma, moshi unapanda taratibu. Wanaume walipita na kanzu zao wakiharakisha. Mzee mmoja alimpungia mkono.

"Shikamoo," Mwanaima alisema.

"Marahaba, mwanangu. Usichelewe."

Bashiru alikaa kiti cha pembeni, kanzu nyeupe, kofia ya kufuma. Chini ya kanzu, bastola. Mtaa ukawa mtupu. Sauti ya khatibu ikaanza kusikika kwenye spika.

"Ingieni," alisema.

Dadi alishuka wa kwanza. Hussen nyuma yake.

Redio ya mlinzi ilisikika. Kisha haikusikika. Kitu kilivunjika, kioo. Mtu akapiga kelele moja fupi, na Mwanaima akaijua sauti hiyo. Ndiyo sauti aliyoitoa Dadi utotoni alipoanguka kutoka juu ya mkorosho.

Hussen alitoka mbio, mkoba begani.

"Mlinzi nimemlaza, hainuki leo," alihema. "Ila Dadi kala panga. Paja lote. Hawezi kutembea."

Bashiru alishuka, akampokonya mkoba, akauvaa mwenyewe begani. Akainamia dirisha la dereva.

"Tunapanda. Ondoa."

Mwanaima alimtazama. Mkono wake ulikuwa kwenye ufunguo. Aliwaza: nikiondoa, watu watatoka msikitini wamkute na mawe. Nikikataa, ataniua, ataendesha mwenyewe, na Dadi watamkuta na mawe vilevile.

Akazungusha ufunguo. Akazima.

Kimya kilikuwa kikubwa.

"Umefanya nini?" Bashiru alisema.

"Limezima."

"Washa!" Mdomo wa bastola ukagusa mtandio wake. "Washa, mshenzi wewe!"

Aliwasha. Tk. Taa za dashibodi zikafifia. Tk. Tk. Bashiru alisikia mwenyewe kwa masikio yake. Jasho likamtiririka kutoka chini ya kofia. Bastola haiwashi gari.

"Lisukumwe," Mwanaima alisema polepole, kwa ile sauti yake isiyosikika. "Mkinikimbiza kidogo tu, litashika."

Bashiru na Hussen walienda nyuma, wakaweka mabega. Hiace haikutikisika. Walijikaza tena, miguu yao ikichimba mchanga. Hawakujua kwamba mguu wa Mwanaima ulikuwa juu ya breki, umekanyaga mpaka chini. Taa za breki hazikumsaliti. Umeme wa kuziwasha haukuwepo.

"Zito!" Hussen aliguna.

"Mchanga," Mwanaima alisema. "Wawili hamuwezi. Anatakiwa wa tatu."

Msikitini khutba ilikuwa imekwisha. Imamu alianza kusoma Fatiha, na mtaa mzima ukaitikia amina.

"Mlete!" Bashiru alifoka. "Mlete huyo kilema!"

Hussen alirudi akimburuta Dadi. Suruali ilikuwa nyeusi kwa damu mpaka kwenye kandambili. Mwanaima alitaka kulia, hakulia.

"Mwekeni hapa mlango wa mbele," alisema. "Ashike nguzo asukume."

Dadi alijishikiza kwenye mlango uliokuwa wazi. Midomo yake imekuwa ya majivu. Mwanaima hakumgeukia.

"Likianza kutembea," alinong'ona, "jitupe ndani."

"Hao je?"

"Jitupe ndani, kaka."

Akakanyaga klachi, akatia gia ya pili. Akainua mguu kwenye breki.

Hiace ikaondoka kama mtumbwi uliokatwa kamba. "Inakwenda!" Hussen alishangilia, kweli alishangilia. Dadi akaanguka kitini, miguu inaning'inia nje. Mwanaima akaachia klachi. Gari likaruka, likakohoa, likashika.

"Simama! Simama tupande!"

Mlango wa ubavuni ulikuwa na komeo la ndani. Mwanaima alikuwa amelifunga pale Bashiru aliposhuka kupokea mkoba. Kwenye kioo alimwona Bashiru akikimbia, kanzu ameishika mkononi, mkoba wa dhahabu unampiga mgongoni. Risasi ikavunja kioo cha nyuma. Mlio huo ndio uliowatoa watu msikitini kabla ya dua.

"Mwizi!" mtu alipaza sauti. Kisha sauti mia.

SAA SABA NA NUSU

Barabara ya Kilwa, lami nyeupe kwa jua. Mwanaima alikuwa amefunga paja la Dadi kwa mtandio wake. Kichwa chake kilikuwa wazi na upepo ulikuwa mkali.

"Usizime," Dadi alisema.

"Sizimi."

"Twende kwa mama. Hapa kati usisimame."

"Mitole ni mbali."

"Twende tu." Alijaribu kutabasamu. "Ulikanyaga breki, eh?"

"Nilikanyaga."

"Mtoto mbaya wewe."

Baada ya kijiji kimoja Dadi aliacha kuzungumza. Alipoulizwa jina la mama alijibu kwa kuchelewa. Alipoulizwa tena alijibu kwa kuchelewa zaidi. Mtandio ulikuwa umelowa, unadondosha kwenye mkeka wa gari. Mwanaima aliijua hali hiyo. Onyo la kwanza. La pili. Hakungoja la tatu.

Kibao cha zahanati kilikuwa kwenye kona, nyuma ya mikorosho. Alikata kona bila kupunguza mwendo, akaingiza Hiace mpaka barazani, injini inaunguruma, moshi mweusi ukiingia madirishani. Muuguzi mnene alitoka mikono kiunoni. Kifuani paliandikwa Marietha.

"Hodi ya namna gani hii? Kuna wazazi humu ndani!"

Kisha akaona damu. Alimkokota Dadi pamoja na Mwanaima, wakamlaza kwenye benchi.

"Niko peke yangu leo," alisema akivaa glavu. "Anahitaji mikono miwili imbane hapa, nguvu zote, mpaka niseme acha. Zima hilo gari, moshi unaniulia watoto. Njoo."

Mwanaima alisimama barazani.

Barabara ilikuwa tupu. Kaka yake amefika kwa muuguzi. Angepanda sasa hivi, angefika Mitole kabla ya jua kuzama. Nani angemjua? Binti mpole mwenye matenga ya muhogo.

"Wewe msichana! Unamtaka au humtaki?"

Aliingiza mkono dirishani. Akazungusha ufunguo. Injini ikatetemeka mara moja na kunyamaza, na mara hii hapakuwa na watu wa kusukuma.

Akaingia ndani akabana.

ALASIRI

Askari wawili walikuja kwa pikipiki. Walimkuta bado amebana, mikono imekufa ganzi, muuguzi anashona.

"Wenzenu wawili hatukuwahi," askari mkubwa alisema. "Wananchi waliwahi."

Muuguzi alikata uzi. Aliweka vidole shingoni mwa Dadi, akaviacha hapo muda mrefu.

"Anapumua," alisema. "Mguu sijui. Ila anapumua."

Pingu ziligonga mifupa ya mikono ya Mwanaima. Nje, askari mdogo alipanda kwenye Hiace aiondoe barazani. Akazungusha ufunguo. Tk. Tk.

"Betri imekufa, afande!"

"Nilijua," Mwanaima alisema.

Askari mkubwa alimgeukia. "Ulijua tangu lini?"

"Tangu asubuhi."

"Sasa kama ulijua, ulizima ya nini?"

Mwanaima alitazama mlango wa zahanati. Kandambili moja ya Dadi ilikuwa imebaki kizingitini.

"Tulikuwa tumefika," alisema.